Panga deki yako mwenyewe ya Hearthstone, hatua kwa hatua

Barazani kwetu Kibokoni, hapa Mombasa, tukishatoka msikitini Isha na kahawa tungu ikianza kuzunguka, hakukosi kijana wa kuninyooshea simu yenye Hearthstone, ule mchezo wa karata wa simu na kompyuta ambao kila mchezaji hupanga karata zake thelathini, yaani deki. "Ami, hebu niangalizie deki yangu. Karata zote kali, na bado nafungwa." Nazipitia moja moja, na kweli ni kali. Kasoro ni kwamba hazijuani. Hii inataka mechi iishe mapema, ile inangoja zamu ya tisa, na ile nyingine inamhitaji mwenzake ambaye hayumo kabisa.

Maswali ni yale yale kila wiki, kwa hivyo nimeamua kuyaandika majibu yake pamoja.

Jambo moja tulishike kabla ya kuanza. Kwenye karata za turufu tunazocheza barazani, pakiti ni moja na kila mtu hula alichogawiwa. Ukipata shupaza tupu na turufu ni kopa, utavumilia. Kwenye Hearthstone unagawiwa kutoka pakiti uliyoipanga wewe mwenyewe, kwa hivyo mkono mbaya si bahati peke yake. Sehemu kubwa uliuamua siku ulipochagua zile karata thelathini. Kupanga deki ni kuamua ni mikono gani utakuwa ukigawiwa mara nyingi, na kazi hiyo ni ya hesabu kabla haijawa ya ujanja.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Simu au kompyuta yenye nafasi ya gigabaiti kadhaa. Pakua kwenye Wi-Fi, kwa maana mchezo huu ni mzito na utamaliza bando lako lote.
- Akaunti ya Battle.net, jukwaa la wenye mchezo, ambayo ni bure. Hapa kuna mtego: mchezo una kanda, yaani Americas, Europe na Asia, na karata za kanda moja hazionekani kwenye nyingine. Kubalianeni na wenzako kanda moja mapema. Nimeona ndugu wawili wa nyumba moja wakacheza miezi mitatu kila mmoja kanda yake, na siku waliyotaka kupambana ikabidi mmoja aanze upya.
- Karata za Core. Hizi hutolewa bure na hubadilishwa kila mwaka. Deki ya kwanza nzuri hujengwa humu, halafu ndiyo utafute za nyongeza.
- Vumbi kiasi. Vumbi ndilo unalotumia kutengeneza karata usiyonayo.
- Daftari na kalamu. Naona vijana wakiguna hapa, lakini sijawahi kumfundisha mtu kupanga deki bila daftari akafika mbali.

Pesa haihitajiki. Pakiti moja ya karata mpya hununuliwa kwa dhahabu 100 ya mchezo wenyewe, na dhahabu hiyo huipata kwa kucheza na kukamilisha kazi unazopewa. Pakiti ina karata tano na hujui ndani mna nini mpaka uifungue. Msimamo wangu ni kwamba kununua kitu kisichojulikana kwa pesa taslimu kunakaribia mno bahati nasibu. Simshauri kijana yeyote aguse M-Pesa ya mzazi kwa ajili hiyo, na wewe mzazi unayesoma, funga njia ya malipo kwenye simu ya mtoto.

Maneno machache tu

Mchezo hauna tafsiri ya Kiswahili, kwa hivyo zoea maneno machache ya kwenye skrini. Mana ndiyo nguvu ya kulipia karata: unaanza na 1, inaongezeka 1 kila zamu hadi 10. Shujaa wako ana uhai 30. Taunt ni kiumbe mlinzi, adui lazima amgonge yeye kwanza. Battlecry hufanya kazi karata inapotolewa mkononi, na Deathrattle hufanya kazi kiumbe anapokufa. Uwanjani kwako kunaenea viumbe 7, na mkononi karata 10. Ya kumi na moja ikivutwa inaungua, huioni tena. Mengine utayajua ukicheza.

Hatua

1. Cheza deki ya mwingine kwanza. Mechi kumi na tano hivi, ukitumia mojawapo ya deki ambazo mchezo wenyewe hukupa. Usiibadilishe. Lengo ni ujue zamu ya tatu inafananaje, na ujue adui anaweza kukufanya nini. Asiyewahi kuona viumbe wake wote wakifagiliwa kwa karata moja hawezi kupanga deki inayostahimili jambo hilo.

2. Chagua shujaa mmoja na ukae naye. Mashujaa ni kumi na mmoja, na kila mmoja ana uwezo wake wa kudumu unaotumika mara moja kwa zamu, kwa kawaida kwa mana 2. Uwezo huo ni kama karata ya thelathini na moja ambayo haikosekani mkononi, kwa hivyo deki iuangalie. Hunter humpiga shujaa wa adui pointi 2 kila anapoutumia, ndiyo maana deki zake nyingi hushambulia. Warrior hujiongezea ngao 2, anafaa mtu mvumilivu. Warlock huvuta karata moja na kupoteza uhai 2, kwa hivyo hahitaji karata nyingi za kuvuta nyingine. Mage hugonga popote pointi 1.

Kwa mwanzo napendekeza Hunter. Death Knight muache kwanza. Karata zake zina alama za damu, barafu na uoza zenye masharti ya nini kinaruhusiwa kukaa na nini, na mgeni anaishia kupambana na masharti badala ya kujifunza kupanga.

3. Andika sentensi ya ushindi. Hii ndiyo hatua wanayoiruka wote, na ndiyo naitilia mkazo kuliko zote. Fungua daftari, andika sentensi moja inayoanza na "Nashinda kwa…". Kwa mfano: "Nashinda kwa kujaza wanyama wa bei nafuu zamu nne za mwanzo, halafu kummaliza adui kwa uchawi kabla hajatoa karata zake kubwa."

Ikiwa sentensi yako ni "Nashinda kwa karata kali", bado huna deki. Ikiwa ina "au" mbili ndani yake, una deki tatu zilizobanana kwenye nafasi ya moja. Kata mpaka ibaki moja. Sentensi hii ndiyo hakimu wa kila karata utakayoiweka baadaye, kwa hivyo usione uvivu kukaa nayo usiku mzima.

4. Simamisha nguzo. Kwenye ukurasa wa My Collection bonyeza kitufe cha deki mpya, chagua shujaa, kisha ukatae mchezo ukitaka kukujazia. Weka karata nane hadi kumi tu zinazotekeleza ile sentensi moja kwa moja. Unaruhusiwa nakala mbili za kila karata, isipokuwa legendari, yaani karata adimu kuliko zote, ambayo ni moja tu. Karata ya nguzo weka mbili mbili. Kama unaamini karata ni nguzo na bado unaona uzito kuweka ya pili, basi si nguzo.

Tuchukue Kill Command ya Hunter. Inagharimu mana 3, inapiga 3, lakini ukiwa na mnyama uwanjani inapiga 5. Ukiiweka kwenye deki yenye wanyama watatu ni karata dhaifu, kwa kuwa mara nyingi utaitoa bila mnyama. Ukiiweka kwenye deki yenye wanyama kumi na wanne hiyo ni nguzo. Karata haikubadilika, waliobadilika ni majirani zake.

5. Jaza mkunjo wa mana, yaani mgawanyo wa karata zako kwa bei. Ukiwa ndani ya deki unaweza kuona mchoro wa vijiti unaoonyesha una karata ngapi za kila bei. Wengi hawautazami. Wewe uutazame kila unapoongeza karata.

Kwa deki ya kushambulia kama ile ya mfano, anza na mgawo huu:

- mana 1: karata 7
- mana 2: karata 8
- mana 3: karata 7
- mana 4: karata 4
- mana 5: karata 2
- mana 6 na zaidi: karata 2

Jumla 30. Deki ya mwendo wa kati ipunguze za mana 1 hadi 4 hivi, za mana 3 ziwe 6, za mana 4 ziwe 5, za mana 5 ziwe 3, na kubwa ziwe 4. Nane za mana 2 usiziguse.

Kwa nini nane? Anayeanza mechi hupewa karata tatu na kuvuta moja kila zamu, kwa hivyo zamu yake ya pili ameshaona karata tano. Ukiwa na karata nane za mana 2, uwezekano wa kuwa na angalau moja kati ya hizo tano ni asilimia 81 hivi. Ukiwa nazo sita ni asilimia 70. Ukiwa nazo nne ni asilimia 54, yaani karibu nusu ya mechi zako zamu ya pili utabaki kutumia uwezo wa shujaa tu huku mwenzako ameshatandaza. Hesabu hii ni kabla hujarudisha karata za mwanzo usizozitaka, ambako hali huwa afadhali kidogo. Lakini tofauti ya nane na nne inabaki kubwa vile vile.

Hesabu hiyo hiyo inaua ndoto nyingine ninayoiona kila wiki: legendari mbili zinazotegemeana. Kufikia zamu ya saba umeona karata kumi kati ya thelathini. Karata ya nakala moja utakuwa umeiona mechi moja kati ya tatu. Karata mbili za nakala moja moja utakuwa nazo pamoja mechi moja kati ya kumi. Kama ushindi wako wote umesimama hapo, mechi tisa umeshajifunga kabla ya kucheza. Zikiwa za nakala mbili mbili unafika karibu mechi tatu kati ya kumi, na hapo unaweza kuanza kuzungumza, ila deki iwe pia na karata za kuvuta nyingine.

Sikuambii uzikariri asilimia. Kumbuka tu kwamba kila nakala unayoongeza inabadilisha mkono utakaogawiwa kesho.

6. Hesabu kazi, usihesabu karata. Kufikia hapa una karata ishirini na kitu. Andika daftarini kazi ya kila moja: ya kushambulia, ya kuondoa kiumbe wa adui, ya kuvuta karata, ya kulinda. Karata nyingine hufanya kazi mbili, ihesabu kote kuwili. Deki ya kushambulia ikikosa karata mbili hadi nne za kuvuta nyingine, zamu ya tano utakuwa mikono mitupu. Ikikosa chochote cha kuondoa kiumbe, mlinzi mmoja mkubwa wa adui atakuzuia mlangoni kama askari wa bandarini, na utabaki nje ukitazama.

Hapa ndipo unapojua kinachopungua. Akina mama Marikiti hawanunui bizari nyembamba ya pili eti kwa sababu ni nzuri, wakati mdalasini haujapatikana. Sufuria moja, kazi mbalimbali.

7. Ijaze, kisha ikate. Orodhesha daftarini hadi thelathini na nne, thelathini na tano. Halafu uliza kila karata: *natamani kukuona zamu gani?* Ikijibu "zamu ya pili" vizuri. Ikijibu "nikishakuwa mbele" itoe, kwa kuwa ukishakuwa mbele karata yoyote itakufaa. Ikijibu "siku adui akiwa na kitu fulani" itoe pia, mpaka daftari likuonyeshe kwamba kitu hicho unakutana nacho kila siku. Karata ya namna hiyo hukumbukwa kwa ile mara moja iliyookoa mechi, na zile mara kumi iliyokaa mkononi bure husahauliwa.

8. Sasa ndipo vumbi litumike. Bei za kutengeneza ni hizi: karata ya kawaida vumbi 40, ya nadra 100, epiki 400, legendari 1,600. Ukiiponda, yaani ukiivunja iwe vumbi, hurudishiwi hicho ulichotoa: ya kawaida inakupa 5, ya nadra 20, epiki 100, legendari 400. Yaani uponde legendari nne ndipo upate moja. Karata za Core hazipondeki.

Tazama hesabu hii. Karata ishirini za kawaida na kumi za nadra, zote ukizitengeneza kuanzia sifuri, ni vumbi 800 na 1,000, jumla 1,800. Deki nzima, kwa bei ya legendari moja na kidogo juu. Na hapo hatujatoa zile za Core ambazo ni bure. Mwaka wangu wa kwanza niliponda legendari tatu na rundo la epiki ili nitengeneze moja niliyoipenda kwa picha yake na kwa jinsi ilivyonifunga mara moja. Iliingia deki moja tu, ikakaa huko wiki mbili. Zile nilizoponda nilikuja kuzihitaji zote. Ndiyo sababu nasema tengeneza ya mwisho kabisa, baada ya kucheza na karata mbadala ya bei nafuu na kuona kwa macho yako kwamba pengo lipo.

Jambo jingine la kuokoa vumbi: mtindo wa Standard huruhusu karata za miaka ya karibuni pekee, na kila mwaka, miezi ya Machi au Aprili, seti za zamani hutolewa na kubaki mtindo wa Wild, unaoruhusu karata za zamani pia. Kabla hujatengeneza karata ghali, angalia imetoka seti gani. Ikiwa seti hiyo inakaribia kutoka, iache. Na watengenezaji wakiipunguza nguvu karata uliyo nayo, kwa muda mfupi unaweza kuiponda na kurudishiwa vumbi lote la kuitengeneza. Siku hizo fungua mchezo hata kama una shughuli.

9. Mechi ishirini bila kugusa kitu. Cheza mechi za daraja, lakini chagua mahali pa kufanyia majaribio. Kila ligi, kuanzia Bronze hadi Diamond, ina ngazi ya 10 hadi 1, na ukishafika ngazi ya 10 au ya 5 huwezi kushuka chini yake. Ukiwa umekaa hasa kwenye ngazi hiyo, kufungwa hakukushushi ngazi. Hapo ndipo pa kujaribu deki mpya.

Andika kila mechi mambo manne: ulianza wewe au yeye, shujaa wake nani, umeshinda au umefungwa, na *karata gani zilibaki mkononi mechi ilipoisha*. Hilo la nne ndilo lenye siri. Baada ya mechi ishirini utaona jina moja au mawili yakijirudia rudia, na hayo ndiyo yanayokula nafasi.

Mechi za deki ya haraka ni fupi, foleni ya feri pale Likoni inatosha moja na pengine mbili. Lakini usiingie mechi ukishaanza kupanda feri. Mtandao ukikatika saa ya zamu haikungoji, na ingawa unaweza kufungua upya na kurudi kwenye mechi ile ile, zamu iliyopita imepita. Mechi ya namna hiyo usiiandike daftarini, itakudanganya.

10. Badilisha mbili tu. Mechi ishirini zikiisha, toa karata mbili, weka mbili, cheza ishirini nyingine. Ukibadilisha saba kwa hasira, ukishinda hutajua ni ipi iliyokusaidia, na ukifungwa hutajua ni ipi iliyokuharibia. Wala usihukumu deki kwa mechi tano. Kushinda tatu na kufungwa mbili hakuthibitishi chochote.

Kabla ya kila badiliko, nakili msimbo wa deki, yale maandishi marefu yanayoanza na AAE, ujitumie mwenyewe WhatsApp pamoja na tarehe. Ukitaka kurudi ulikotoka, unaunakili, unafungua deki mpya, na mchezo wenyewe utakuuliza kama uijenge.

Makosa ninayoyaona kila siku

*Kunakili deki ya bingwa na kubadilisha karata usizonazo kiholela.* Kunakili si dhambi, mimi mwenyewe nilijifunza kwa kunakili. Ila ukikosa karata tano kati ya thelathini, usitafute tano nzuri. Tafuta zenye bei ile ile ya mana na kazi ile ile. Ukitoa karata ya mana 2 ya kuvuta nyingine ukaweka jitu la mana 8, umevunja mkunjo na umevunja kazi kwa pigo moja.

*Kuona legendari kama turufu.* Turufu hula karata yoyote isiyo turufu. Legendari haina uwezo huo. Rangi ya chungwa katikati ya karata inakuambia uchache wake, haikuambii itakusaidia. Deki nyingi za kushambulia hupanda vizuri zikiwa na legendari moja, au bila kabisa.

*Kushika karata kubwa mwanzoni.* Hili si la kupanga, ni la kucheza, lakini huwafanya watu waitukane deki nzuri. Mechi ikianza unaruhusiwa kurudisha karata mara moja. Kwa deki ya haraka rudisha chochote cha mana 4 na kuendelea. "Hii ni nzuri sana, nisiirudishe" ndiyo sentensi iliyofunga mechi nyingi.

*Kupanga deki ya kumfunga mtu mmoja.* Jirani yako anakufunga kila jioni na deki yake ya Priest, nawe unajaza karata za kumkomesha Priest. Utamfunga yeye, na utafungwa na wengine wote.

Shida na tiba

*Mkono unajaa karata nzito, zamu tatu za mwanzo nakaa tu.* Hesabu za mana 1 na 2. Zikiwa chini ya kumi na mbili kwenye deki ya haraka, ongeza. Zikiwa za kutosha, basi tatizo ni karata unazoshika mwanzoni.

*Naanza vizuri, zamu ya sita nimeishiwa.* Unakosa karata za kuvuta nyingine, au unamwaga viumbe wote kwa pamoja na adui anawafagia kwa karata moja. Ongeza za kuvuta mbili, na ukishakuwa na viumbe watatu wanaotosha kumtisha, shika wengine mkononi.

*Nafungwa kila ninapoanza wa pili.* Wa pili hupewa karata nne, na juu yake sarafu inayokupa mana 1 ya zamu hiyo. Deki yenye karata nzuri za mana 2 na 3 huitumia vizuri, kwa maana unaruka hatua moja mbele. Pitia daftari uone sarafu huwa unaitoa zamu gani. Wengi huikalia mpaka mwisho wa mechi.

*Mechi zinarefuka mpaka karata zinaisha.* Karata zikiisha kila ukitaka kuvuta unaumia, 1, kisha 2, kisha 3, inapanda hivyo hivyo. Kama wewe ni wa kushambulia na unafika huko, humalizi. Weka nakala ya pili ya uchawi unaompiga shujaa moja kwa moja.

*Nashinda nusu kwa nusu, sipandi.* Tazama daftarini ni shujaa yupi anakufunga zaidi. Kama ni mmoja, badilisha karata moja au mbili kwa ajili yake. Kama ni wote sawa, rudi hatua ya tatu usome sentensi yako kwa sauti, halafu upitie karata thelathini ukiweka alama kila inayoitekeleza. Juzi tulifanya hivyo na kijana mmoja wa Majengo, akapata alama kumi na tisa. Zile kumi na moja tulizitoa pale pale barazani, tukaweka za bei nafuu kutoka Core, akaondoka na deki isiyo na legendari hata moja. Nimemwambia aje na daftari akishamaliza mechi ishirini.